Benigne Amesusa Hotelini

Kitanda cha hoteli kilikuwa laini kupita kiasi. Ukikilalia kinakumeza, na ukitaka kugeuka lazima kwanza ujinasue. Benigne alikuwa amekilalia tangu mwanzo wa juma na usingizi wa maana alikuwa hajauona. Mito ilikuwa minne, naye kichwa anacho kimoja. Blanketi lilikuwa jeupe, la manyoya ya bata, jepesi kama halipo, na chini ya dirisha kulikuwa na chuma cha kuleta joto kilichoguna polepole mchana kutwa. Kila kitu kiliwekwa ili mtu astarehe, na kustarehe kwenyewe ndiko kulikomshinda.

Lililomkera zaidi ni dirisha. Mwenye hoteli, bwana mmoja wa mjini, alilitengeneza kubwa ili wageni waone milima ya barafu iliyonasa ghubani. Benigne milima hiyo ameiona tangu anazaliwa. Alichokiona yeye ni nyumba yake mwenyewe, ile ya buluu chini ya mteremko, karibu kiasi cha kuwatambua mbwa mmoja mmoja kwa mikia yao. Na pembeni ya mlango, juu ya theluji, aliliona hodhi lake la kuogea, jeupe, jipya kabisa, limejaa vichwa vya samaki.

"Mwanaharamu wewe," alimwambia mumewe kupitia kioo.

Mumewe, Enok, wakati huo alikuwa ameinama juu ya lile hodhi, anachomoa kichwa kimoja kimoja na kuwarushia mbwa. Hakusikia, na hata angesikia angeendelea kurusha.

Hodhi lile Benigne alilingoja miaka. Aliliona la namna hiyo kwa binti yao Ivalu, huko mjini, akaingia ndani ya maji ya moto mpaka shingoni, na alipotoka aliapa kwamba hatazeeka akiogea kwenye beseni la plastiki jikoni, mguu huu kwanza, halafu ule. Akaweka akiba ya mshahara wake wa kiwanda cha samaki, akaagiza. Likaja na meli ya mwisho ya kiangazi, limefungwa nailoni, na watu wakashuka gatini kulitazama likiteremshwa. Enok na ndugu zake walilibeba mpaka nyumbani wakiimba. Siku hiyo Enok alisema mbele ya mashahidi: "Kabla theluji haijaanguka nitakujengea chumba nyuma ya jiko."

Theluji ikaanguka. Akasema kabla bahari haijaganda. Bahari ikaganda. Kisha asubuhi moja Benigne anatoka kwenda kuteka maji, anakuta hodhi lipo nje na lina vichwa vya samaki ndani.

"Ni kwa muda tu," Enok alisema.

Muda tu huo ulikula majira yote ya baridi. Benigne alinyamaza, akavumilia, akalipita kila siku na madumu yake ya maji akijitia halioni. Mpaka Jumatatu ile, Enok alipoingia ndani akipangusa mikono, amefurahi, akakaa mezani na kusema: "Unajua, hodhi lako lile ni zuri kweli. Kuta zake zinateleza. Watoto wa mbwa hawawezi kupanda kuiba."

Alilisifu! Angelinyamazia, pengine Benigne naye angenyamaza mpaka kiyama. Lakini kulisifu! Benigne aliweka kikombe chini, akachukua mkoba, akatia nguo mbili tatu, akatoka.

Kwetu Ikerannguaq, kijiji hiki cha barafuni, mwanamke akisusa anakwenda kwa mama yake. Anakunywa kahawa, analia kidogo, kesho yake mume anakuja amekunja kofia mkononi, na mambo yanakwisha. Lakini mama yake Benigne yuko makaburini juu ya mlima, na nyumba za kaka zake zimejaa wajukuu mpaka pa kuweka mguu hapana. Basi akapita na mkoba wake mbele ya madirisha yote ya kijiji, moja kwa moja mpaka hotelini, kwa Bolette, mtoto wa mama yake mdogo, ambaye ndiye msimamizi pale.

"Nipe chumba chenye hodhi," alimwambia.

"Umegombana na Enok?"

"Nimekuomba chumba, sikukuomba mahubiri."

"Haya mama, chumba kipo. Nauliza tu, maana sijawahi kupata mgeni anayetokea mtaa wa chini."

"Basi leo umempata. Na msikilize vizuri kwa sababu najua utakwenda kusema. Enok aje hapa mwenyewe, kwa miguu yake, aniombe nirudi. Asipokuja, helikopta ya Alhamisi ikija napanda, nakwenda kwa Ivalu. Na nikienda sirudi."

Bolette alikwenda kusema, na hata kahawa ya mchana ilikuwa haijachemka. Watu wakacheka. Walidhani ni maneno ya hasira. Lakini Benigne hakuwa akitania. Alishampigia Ivalu, na Ivalu alishatandika kochi. Kama mtu umeishi naye miaka yote hiyo na ndoto yako moja anaipimia uzuri wake kwa kazi ya kulindia vichwa vya samaki, basi unakaa kufanya nini? Ndivyo alivyojiuliza.

Kero nyingine ilikuwa mlango. Kwetu hakuna anayebisha hodi. Mlango ukibishwa ni polisi au ni mgeni wa ng'ambo. Siku ya kwanza Benigne aligeuza ufunguo, apate japo mara moja katika maisha yake kuoga bila mtu kupita. Watu wakaja, wakatikisa kitasa, wakaona hakifunguki, wakaingiwa na wasiwasi. "Benigne! Unaumwa? Una nini humo ndani?" Mmoja akaanza kulia. Akatoka na maji yanamtiririka, akafungua, na tangu hapo mlango ukabaki wazi.

Akaingia Sabine. Sabine ni dada mkubwa wa Enok, mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Alikuja na taulo begani.

"Wifi, hujambo. Maji ya moto yapo?"

"Sabine, hiki ni chumba changu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Kwa mwingine ningeona aibu." Tayari alikuwa amevua buti na anafungua vifungo.

Aliingia bafuni, akafungulia maji, na baada ya muda zikaanza nyimbo za kanisani. Benigne akakaa ukingoni mwa kile kitanda chenye kumeza watu, akingoja.

"Wifi! Hii sabuni inanukia kama keki! Ya nani?"

"Ya hoteli!"

"Nachukua mbili!"

Alipotoka, mwekundu kama kaa aliyechemshwa, Benigne alishindwa kujizuia. "Mdogo wako anasema nini?"

"Hasemi kitu. Unamjua yule. Maneno yake yote anawamalizia mbwa."

"Hata kwamba atakuja hapa kuniomba?"

Sabine akakunja pua.

"Lakini ananikumbuka?"

Sabine akapandisha nyusi mpaka paji la uso likajaa mikunjo.

Hapo hapakuhitaji neno zaidi. Kwetu "hapana" ni pua na "ndiyo" ni nyusi, na mdomo unabaki kwa kazi ya kula na kusengenya. Benigne na Enok wenyewe walichumbiana hivyo: yeye Enok aliuliza kitu kimoja, kifupi, nyuma ya ghala la samaki, na Benigne akapandisha nyusi. Tangu hapo maisha yao mengi yalikwenda kwa uso. Kahawa? Nyusi. Umechoka? Pua. Hata siku ya kumzika mtoto wao wa kiume hawakuambiana neno, walitazamana tu, na kila mmoja alijua mwenzake ana nini.

Baada ya Sabine walikuja binti zake, na baada yao mke wa katekista na mtoto mgongoni, kisha bibi mmoja aliyesema hakuja kuoga ila kutazama, na alipokwisha kutazama akaoga. Maji ya moto yakaisha. Mogens, Mdenishi aliyekuja kukagua matangi ya mafuta na ambaye chumba chake kilipakana na cha Benigne, akaingia kuoga akakutana na maji ya barafu, akapiga ukelele uliosikika mpaka jikoni. Alitoka akiwa amejifunga taulo, akakuta ukumbini wanawake wanne wanakaushana nywele, akarudi ndani.

"Bibi Bolette," alilalamika wakati wa chakula, "hii ni hoteli au ni nini?"

"Ni hoteli," Bolette alimjibu. "Wale wanamtembelea mgeni wangu."

Alhamisi ikafika, na ukungu nao ukafika. Helikopta haikuja. Bolette aliwaambia wageni lile neno ambalo kwetu linafunika kila kitu, kuanzia hali ya hewa hadi harusi: labda. Labda kesho. Benigne akarudi chumbani, akaweka mkoba palepale ulipokuwa. Kuondoka hawezi, kurudi hataki, na dirisha linamwonyesha mumewe anavyopika kahawa peke yake na kumwaga makapi ukutani, mahali alipokatazwa kumwaga tangu walipooana.

Hata kazi alinyimwa. Baada ya kula aliinuka kama kawaida yake, akakusanya sahani, akaenda nazo jikoni, akakunja mikono ya sweta. Bolette akamnyang'anya kitambaa.

"Kaa chini! Wewe ni mgeni."

"Mgeni wa nani? Sahani hizi mimi ndiye niliyekusaidia kuzipakua melini!"

"Hapa umelipa, wewe ni mgeni. Nenda kapumzike."

"Nimepumzika mpaka mifupa inauma, Bolette! Nipe hata kijiko kimoja nikioshe!"

Hakupewa. Akaenda kukaa sebuleni, kwenye kiti cha ngozi kinachobonyea, mbele ya picha kubwa ya nyangumi, akiwa amevimba kwa hasira zisizo na pa kwenda. Alikuwa mahali pazuri kuliko pote katika ghuba nzima na alitamani kutupa kiti kupitia dirishani. Usiku alipolala alisikia kimya. Hakuna anayekoroma. Huko nyumbani alikuwa akimpiga Enok kiwiko ili anyamaze, na sasa kimya hicho hicho ndicho kilichomtoa macho mpaka asubuhi.

Ijumaa, wakati wa kahawa ya alasiri, Bolette alikuja mbio akiwa na simu ya mapokezi mkononi.

"Yako!" alisema, macho yamemtoka. "Ni Enok!"

Enok na simu! Mtu ambaye simu ya nyumbani ikilia anatoka nje kuangalia mbwa. Benigne aliichukua, na Bolette kwa heshima akajiondoa mpaka nyuma ya mlango wa jikoni, akategesha sikio hapo.

"Hallo," Benigne alisema.

Pumzi. Pumzi nyingine. Kisha: "Benigne."

"Ni mimi."

"Ukungu huu."

"Nauona."

"Mbwa mmoja mdogo anakohoa."

"Mpe mafuta ya sili."

"Nimempa."

 Benigne alisikia saa ya jikoni kwake ikigonga upande wa pili wa simu.

"Benigne," akasema tena. "Utarudi nyumbani?"

Benigne alikuwa amejiandalia hotuba. Siku zote hizo, kitandani na dirishani, aliipanga: hodhi, theluji, bahari, muda tu, kuta zinazoteleza, yote kwa mpangilio, na mwisho wake Enok asibakiwe na pa kujificha. Yote yakamtoka kichwani. Hakuja kwa miguu, ni kweli. Lakini kwa mtu kama Enok, kuokota simu na kuuliza kwa mdomo ilikuwa safari ndefu kuliko kuzunguka ghuba.  Akapandisha nyusi. Alizipandisha mpaka zisiweze kwenda zaidi, uso mzima ukazifuata, machozi yakamjaa, amesimama pale ukumbini na ndara nyeupe za hoteli, simu kaibana sikioni kwa mikono miwili.

"Benigne?"

Akazipandisha tena, kwa nguvu zaidi.

Enok alingoja kwa muda mrefu. "Haya," akasema mwishowe, sauti ndogo. "Nimeelewa." Simu ikakatika.

Benigne aliirudisha simu mezani polepole. Alipita mbele ya Bolette bila kusema kitu, maana aliona haya kwa jinsi alivyofurahi. Akaoga mara ya mwisho. Akachana nywele, akazifunga vizuri, akapanga nguo mkobani, akakaa kitandani na mkoba magotini. Akangoja nyayo za Enok ukumbini.

Zilipita nyayo za Mogens. Zilipita za Bolette, kwenda na kurudi. Chakula kikaandaliwa, akakataa kwenda asije Enok akamkosa. Giza likaingia, taa ya nyumba ya buluu ikawaka, ikazimwa. Hakuja mtu.

Asubuhi mbingu zilikuwa safi kama kioo kilichopanguswa. Benigne alikwenda dirishani na nguo zake za jana, na akamwona Enok nje. Anafunga mbwa. Si wachache, wote. Alikuwa ametandika ngozi juu ya sleji, gari lake la kukokotwa na mbwa, amefunga hema, jiko la mafuta, bunduki, gunia la unga na kopo kubwa la kahawa, lile la akiba. Hakuinua uso kutazama hotelini hata mara moja. Akapaza sauti, mbwa wakajitupa mbele, sleji ikateremka barafuni na kuelekea rasi.

"Anakwenda kuwinda," Benigne alisema kwa sauti, ingawa chumbani hapakuwa na mtu. Halafu akapiga kelele: "Nimemkubalia, na yeye anakwenda kuwinda!"

Ilikuwa dharau ambayo hakuwa na jina lake. Amuulize, ajibiwe, halafu apande sleji! Basi alitaka tu kujua kama mke bado yupo, kama mtu anavyopapasa mfukoni kuona kisu kipo, akishakigusa anaendelea na safari zake. Aliushika mkoba, akaenda mapokezi akitembea kama anayekwenda kupigana.

"Helikopta?"

"Leo inakuja," Bolette alisema. "Si labda. Imeshaondoka mjini."

"Naondoka nayo."

"Benigne..."

"Naondoka!"

Bolette akauweka mkoba mlangoni pamoja na mizigo ya Mogens, ambaye alikuwa amevaa koti tayari na kofia, kama mfungwa anayengoja lango lifunguliwe. Ndipo mlango wa nje ukafunguka akaingia Sabine. Hakuwa na taulo. Hakumsalimia mtu. Alikuja mpaka mbele ya Benigne, akasimama.

"Umeridhika sasa?" akauliza.

"Mimi?"

"Umemkata ndugu yangu maini. Alikuja kwangu jana, hakukaa, hakunywa kahawa. Amegawa nyama yote ya ghalani, mnajua? Amenipa mimi nusu. Amesema anahamia kwenye kibanda cha mbali, kule ghuba ya ndani, na atakaa huko mpaka barafu ivunjike, maana nyumbani hana la kufanya."

"Sabine, unaongea nini? Yeye ndiye aliyeniacha hapa na mkoba magotini!"

"Alikuuliza! Enok, mdogo wangu, kakuuliza kwa simu! Mimi niliposikia kashika simu nilitaka kuita daktari. Na wewe hukumjibu hata neno moja. Kama hutaki kurudi si ungesema? Mtu ananyamaziwa kama mbwa!"

"Nilimjibu!"

"Ulimjibu nini?"

"Nilimjibu ndiyo!"

"Ulisemaje?"

"Nilimwambia..." Benigne akapandisha nyusi.

Sabine akamtazama. Bolette, aliyekuwa nyuma ya meza ya mapokezi, akamtazama. Mogens naye, asiyejua kinachoendelea, akamtazama.

"Kwenye simu?" Sabine akauliza taratibu.

 Nyusi za Benigne zilikuwa bado juu na hakujua namna ya kuzishusha. Bolette akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akateleza kwenye kiti mpaka akatoweka nyuma ya meza, na kilichosikika kutoka huko ni mlio kama wa sili anayetaka pumzi.

"Usicheke!" Benigne alimkemea. "Bolette, nitakuua, usicheke!"

"Sicheki," Bolette alisema kutoka chini, akicheka.

"Mungu wangu. Mara mbili, Sabine. Nilizipandisha mara mbili. Ya pili kwa nguvu."

Sabine naye alikuwa anatetemeka mabega, machozi yanamtoka, lakini alimshika wifi yake mkono na kumvuta hadi kwenye meza. Nyuma ya meza ya mapokezi kulikuwa na redio ya upepo, ile inayotumiwa na hoteli kuzungumza na wawindaji wanaotembeza wageni. Kila sleji inayotoka inayo moja, na kila jiko la Ikerannguaq lina nyingine, inayowaka tangu asubuhi.

"Ongea," Sabine alisema.

"Kijiji kizima kitasikia!"

"Kijiji kizima kimeoga kwako, wifi. Ongea, kabla hajapita rasi."

Benigne aliushika mkonga wa redio. Aliwaza hotuba yake, heshima yake, watu wote waliokaa mezani na vikombe vyao. Alibonyeza.

"Enok. Enok, unanisikia?"

Redio ikakoroma. Hakuna.

"Enok, ni mimi. Benigne."

Hakuna. Kisha sauti ya mzee katekista, kwa upole: "Sogeza mdomo karibu, binti yangu. Unasikika mbali."

"Ameshafika rasini," ikasema sauti ya mwanamke. "Namwona kutoka kwangu. Hapana, amepotea nyuma ya jabali."

"Tokeni hewani!" Benigne alifoka. "Enok! Nijibu! Jana nilikubali! Nilikubali, mjinga wewe, ila nilikubali kwa uso, na wewe uso hukuuona!"

Kwa mbali, kutoka kusini, mlio wa helikopta ulianza kusikika. Mogens, ambaye neno la safari ndilo pekee alilokuwa akilingoja, alishika mizigo yote iliyokuwa mlangoni, yake na isiyo yake, kwa adabu zake nzuri, akatoka nayo. Benigne hakumwona. Redio ilikuwa imenyamaza kabisa. Hata wale wa majikoni walinyamaza.  Jabali lile linakata mawimbi ya redio, kila mtu anajua, na baada ya jabali ni ghuba ya ndani, ambako huwezi kumpata mtu mpaka kiangazi.

"Enok," akasema tena, na safari hii hakufoka. "Tafadhali."

Redio ikakoroma, na nyuma ya mkoromo zikaja kelele za mbwa.

"Nasikia," alisema Enok.

Benigne alishika ukingo wa meza.

"Mbona hujibu?"

"Sabine aliniambia," Enok alisema, kama hakusikia swali. Aliongea polepole, akihema, maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema kwa wakati mmoja. "Kwamba kitanda huko ni laini. Kwamba maji ya moto yanatoka ukutani, huyachoti, huyabebi. Uliponyamaza nikajua ndiyo basi. Hata mimi ningekuwa wewe nisingerudi, Benigne. Nyumbani kwangu kuna nini?"

Watu wote walikuwa wakisikiliza, na Benigne hakujali tena.

"Silali," alisema. "Enok, tangu nije hapa silali. Nakaa dirishani nakutazama. Nakutukana kutwa, halafu taa yako ikizimwa nabaki hapa sijui nifanye nini. Nimechoka kukutazama kupitia kioo. Nimechoka, unasikia? Geuza hao mbwa."

"Nimeshageuza."

"Umegeuza lini?"

"Ulipoita mara ya kwanza. Mbwa walinisumbua, mikono yote ilikuwa kwenye kamba. Ndiyo maana sikujibu."

 Nje helikopta ilikuwa inatua, theluji ikiruka mpaka kwenye vioo vya hoteli. Sabine alikuwa analia waziwazi, na Bolette, aliyekwisha kuinuka, alikuwa akijipangusa uso kwa kitambaa cha sahani. Benigne akauweka mkonga wa redio juu ya meza, akavua ndara za hoteli, akavaa buti zake, akatoka bila koti. Alikuwa katikati ya mteremko alipoona mkoba wake mikononi mwa Mogens ukipandishwa helikoptani. Akapiga kelele, lakini nani angemsikia kwa mlio ule. Mlango ukafungwa na mkoba ukapaa kwenda mjini, na Benigne akautukana mara moja tu, kisha akaendelea kuteremka kuelekea barafuni, akikimbia kadiri magoti yake yalivyomruhusu, kwa sababu sleji ilikuwa imeshatokeza kwenye rasi.